Pilipili Mbuzi na Dirisha la Leeds

Ikifika Februari, Waswahili wa huku Leeds huanza kuulizana: zako zimeota? Nyingi huwa hazijaota, na lawama huangukia mbegu. Mimi huuliza kwanza kopo limewekwa wapi. Jibu ni lile lile: dirishani, zipate mwanga.

Mbegu ya pilipili iliyofukiwa haina shida na mwanga. Inataka joto la nyuzi 25 hadi 30, na hilo ni joto la udongo, si la sebule. Huku hita huzimwa usiku kwa kuogopa bili, na kati ya pazia na kioo ndipo baridi inapojificha. Chomeka kipimajoto kwenye kopo alfajiri uone mwenyewe. Katika baridi hiyo mbegu hunywa maji, hulala, mwisho huoza. Pilipili mbuzi ndiyo yenye madeko kuliko zote: hata penye joto zuri huweza kuchukua wiki mbili hadi nne, hoho zimeshatoka zamani.

Nyumbani kwetu Muheza hakuna anayepima. Mama huatika kwenye kivuli cha mwembe, mbegu anazifukia kidogo tu, anatandaza nyasi kavu na kunyunyiza asubuhi na jioni. Joto lipo usiku na mchana. Adui zake ni jua linalokausha udongo wa juu kabla mbegu haijapasuka, na sisimizi wanaozibeba. Ndiyo sababu ya majivu pembeni mwa kitalu. Kuna pia pakiti zilizoanikwa mlangoni mwa duka la pembejeo msimu baada ya msimu. Hizo kweli ni mbovu. Pilipili kichaa Mama haatiki kabisa, kazi hiyo ni ya ndege: hawasikii ukali wake, hula tunda na kudondosha mbegu nzima chini ya miti.

Tatizo letu ni kwamba mkono wa kumwagilia asubuhi na jioni tumehama nao. Kule jua hunyonya. Huku maji hukaa yakipoa, na mche ukibahatika kuchomoza, kinyausi huukata shingoni.

Ukitaka kujua mbaya ni mbegu au kopo, kunja mbegu kumi ndani ya tishu yenye unyevu, isiyochuruzika, tia kwenye mfuko wa plastiki na uweke kabati la tangi la maji ya moto. Zikiota saba au nane, mbegu haina kosa. Basi atika na kopo ulihifadhi humo humo, au ununue mkeka wa umeme wa kupasha miche. Zikichomoza tu, zitoe upesi. Sasa ndiyo zamu ya dirisha, ila usiku zivute upande wa ndani wa pazia.

Wala usifiche mbegu za nyumbani kwenye sanduku la safari, zinadaiwa cheti cha afya ya mimea. Scotch bonnet iliyoiva ya maduka ya Wakaribi ni jamii moja na pilipili mbuzi. Kamua mbegu, kausha kivulini. Huenda watoto wasifanane na mama, lakini ukali utaupata.