Pango la Vilima vya Mendip

Msafiri atokaye mji wa Bristol, magharibi ya Uingereza, akishika njia ya kusini hufika kwenye vilima vya Mendip. Vilima hivyo ni vya mawe ya chokaa, nayo maji yameyala mawe hayo tangu zamani hata yakafanya mapango mengi. Katika korongo la Burrington, kando ya barabara, liko pango liitwalo Aveline's Hole.

Mwaka 1919, vita kuu vikiwa vimekwisha karibuni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bristol waliunda chama cha kuchunguza mapango. Hawakutosheka na kutambaa gizani. Walilichimba pango hilo kwa subira, wakatoa mifupa ya watu, vyombo vya gumegume, na meno ya wanyama yaliyotobolewa ili yavaliwe. Vitu hivyo wakaviweka katika makumbusho yao mjini.

Usiku wa tarehe 24 Novemba, 1940, ndege za Wajerumani ziliupiga mji kwa mabomu, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Kilichokaa salama ardhini kwa miaka zaidi ya 10,000 kiliangamia kwa usiku mmoja.

Lakini wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kupiga chapa taarifa za kazi yao. Kwa taarifa hizo, na kwa mifupa iliyosalia, wataalamu wa baadaye walitambua kwamba pango lile lilikuwa maziara ya kale kuliko yote yanayojulikana katika Uingereza. Mfupa huungua mara moja. Habari iliyoandikwa na kuenezwa kwa watu wengi ni vigumu kupotea.