Futi Tatu za Netiboli

Nilipostaafu ukocha sikuwa na nia ya kuandika. Lakini nasikia timu ya kikapu ya wasichana ya chuo nilichokitumikia Nairobi imerudi mkiani mwa ligi, na dawa inayopendekezwa ni ile ile niliyoikuta siku naajiriwa: kuwavuta kwa karo ya bure nyota wawili wa chuo kingine. Siwezi kulinyamazia hilo.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Mombasa, baba akipakua mizigo bandarini. Mchezo wa kikapu niliuona kwanza Makande, nikaucheza shuleni, kisha klabuni, hadi goti liliponitoa uwanjani mapema. Mwaka 1994, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ilipokwenda Australia kucheza mashindano ya dunia, mimi tayari nilikuwa nafundisha watoto.

Chuoni nilikuta timu ya jina tu. Jioni uwanja ulikuwa wa wanaume. Wasichana waliachiwa saa saba mchana, jua la utosi. Mipira yao ilikuwa masalio ya wanaume, namba saba, ilhali wanawake huchezea namba sita, iliyo ndogo na nyepesi zaidi. Msichana akizoea mpira mzito huusukuma kutoka kifuani kwa mikono miwili, na tabia hiyo humganda. Mkubwa mmoja wa michezo aliniambia nianze kushinda kwanza, vifaa vitafuata. Nikakataa kutia saini mpaka mipira na saa za jioni viandikwe kwenye mkataba. Aliniita mjeuri, akaviandika.

Aliyenifundisha kazi nilimwita Mwalimu, na sitasema zaidi ya hapo. Jicho lake halikuwa na mfano: angetazama viatu vya mchezaji akakwambia atageukia upande gani. Karibu kila nijualo juu ya miguu limetoka kwake. Ila aliamini kwamba wasichana wachezeshwe zoni, mbili mbele na tatu nyuma, kila mmoja alinde eneo lake. Kukaba mtu kwa mtu, alisema, kunataka pumzi na ukali ambao hawajalelewa nao. Jambo hilo tulibishana kwa miaka, na mimi bado nabishana naye.

Nilimjibu kwa kumpeleka kwenye uwanja wa netiboli. Wasichana wetu wengi hawakuanzia kikapu. Walianzia netiboli, katika shule za msingi. Na netiboli ni mchezo wa kumkaba mtu mmoja. Senta hukabana na senta, mlinzi wa goli humwandama mfungaji mechi nzima. Tena humfundisha msichana kudaka mpira hewani na kutua bila kuburuza mguu, kwa kuwa hana ruhusa ya kudunda wala ya kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Hayo yote Mwalimu aliyapenda. Basi nani alisema hawajalelewa kukaba?

Kilichowazuia kilikuwa futi tatu. Sheria ya netiboli humtaka mlinzi asimame futi tatu kutoka kwa mwenye mpira, na umbali huo umewaingia mwilini. Ukimleta kwenye kikapu, anamfuata mtu wake vizuri sana, halafu mpira ukifika anarudi nyuma hatua moja na kuinua mikono. Kocha asiyeijua netiboli huona woga. Si woga, ni utii wa sheria nyingine. Nilifanya kazi ya kufuta zile futi: wawili wawili, mmoja ana mpira, mwenzake anasogea mpaka mkono umfikie kifuani bila kumgusa, magoti yamekunjwa, miguu inateleza bila kupishana. Hatukurusha golini hata mara moja katika mazoezi hayo, na wazazi waliopita waliuliza kama tunacheza kikapu kweli.

Nyinyi makocha vijana mnaokimbilia nyota, nisikilizeni. Nyota uliyemnunua anaondoka na karo yake ikiisha, na waliobaki wamejifunza kumtazama tu. Kocha wa Marekani, Dawn Staley, aliichukua timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha South Carolina mwaka 2008, na msimu wa kwanza akashinda mechi 10 na kupoteza 18. Ubingwa wa taifa ulikuja 2017. Naye ni mtu aliyevaa medali za dhahabu za Olimpiki kama mchezaji! Kamati ya chuo inapowadai kombe kufikia Desemba, iwekeeni takwimu hizo mezani, kisha nendeni mkawatafute wasichana wanaocheza ulinzi wa netiboli ambao hakuna aliyewahi kuwaruhusu kufunga.

Msimu wa tatu tuliwashinda wenyewe wale waliokuwa wakitufunga mara mbili ya pointi zetu. Mwalimu alikuwa jukwaani. Nilicheza mtu kwa mtu mwanzo hadi mwisho, na sikumtazama hata walipotukaribia katika robo ya nne. Alinisalimia vizuri, akawapongeza wasichana mmoja mmoja, halafu akanivuta pembeni na kusema zoni nayo ingetosha, maana wapinzani siku ile hawakuwa na mrushaji. Amefariki akiwa na msimamo huo huo. Nami nasema mrushaji walikuwa naye, tena wa timu ya taifa. Alirusha mechi nzima mbele ya mkono wa msichana kutoka Kakamega aliyekuwa winga difensi wa netiboli.