Injini na giaboksi ya gari la kujiundia

Hapa Uingereza tunaunda na vijana wetu gari dogo la michezo, lile linalouzwa vipande vipande. Injini na giaboksi hazimo. Wengi hutumia za Mazda MX-5, maana injini yake imelazwa kwa urefu na nguvu huenda magurudumu ya nyuma.

Muuzaji mmoja alituonyesha injini iliyokwisha kufunguliwa, iko sakafuni, bei ya kutupa. Tuliikataa. Injini isiyowashwa huisikii ikigonga, moshi huuoni, wala hujui kama giaboksi inaruka gia. Halafu hakuwa na karatasi yoyote ya gari ilikotoka, na watoto walikuwa wamesimama pale wakitutazama. Mali ya wizi haiingii kwetu hata kwa bure.

Tulinunua gari zima lililoliwa na kutu. Tuliliwasha, tukapima kompresheni ya silinda zote nne, tukalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Waya, kompyuta na funguo tumepata humo humo. Matoleo ya baadaye yana kizuia wizi, bila ufunguo wake haliwaki ng'o.

Sasa mama watoto anauliza bodi bovu litaondoka lini mlangoni pake.