Jina Lisilokuwemo Katika Marejeleo

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea rasimu ya sura ya nne ya tasnifu yake. Anatafiti kilimo cha mwani katika kijiji cha Paje. Orodha yake ya marejeleo ilikuwa safi: vitabu, makala za majarida, ripoti za serikali na tovuti, zote kwa mtindo wa APA, toleo la saba, lile lililotoka mwaka 2019. Kila koma imekaa mahali pake. Nikampongeza.

Kisha nikaisoma sura yenyewe. Jambo lililo zito kuliko yote, kwamba maji ya kina kifupi yamezidi joto na ule mwani mnene wenye bei nzuri haustawi tena pale ulipokuwa ukistawi, amelinukuu kutoka katika ripoti ya mshauri mwelekezi.

"Huyu mshauri alijuaje?" nikamwuliza.

"Aliwauliza kinamama, Mwalimu."

"Na wewe hukuwauliza?"

"Niliwauliza. Waliniambia yale yale."

"Basi kwa nini umemnukuu yeye?"

Akajibu bila ya kusita: "Kwa sababu yeye ana mwaka."

Sikuweza kumkaripia. Kosa hilo nililitenda kabla yake, tena kwa mtu aliyenikirimu.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu maisha ya mitaa ya Mji Mkongwe. Bibi mmoja wa Mkunazini alinipokea barazani kwake kwa miezi kadhaa. Yeye ndiye aliyenifundisha nyumba ipi ilikuwa ya nani, nani alihama baada ya mwaka 1964, nani aliingia, na kwa nini mlango fulani ulizibwa kwa mawe. Sura nzima ya tasnifu ile ilitoka kinywani mwake.

Nilipohitimu nilimpelekea nakala. Alisoma herufi za Kiarabu, za Kirumi hakuzisoma. Nikamwambia kwa fahari kwamba kurasa za mwisho zina majina ya wote niliochukua elimu kwao. Akamwita mjukuu wake amtafutie lake. Binti yule akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akafika mwisho, akaninyanyulia macho.

"Na mie nimo wapi, mwanangu?" bibi akauliza.

Nikaifungua sura ya tatu, nikamwonyesha mabano yenye herufi za mwanzo za majina yake, tarehe, na maneno "mawasiliano binafsi". Akanishukuru, akanimiminia kahawa, tukazungumza mambo mengine. Nilirudi mara mbili baada ya hapo. Kahawa nilipewa, hadithi sikupewa tena. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Nisiionee kanuni. Ina sababu yake. Orodha ya marejeleo imekusudiwa kumwonyesha msomaji kile anachoweza kukitafuta na kukikagua mwenyewe: kitabu kilichopo maktaba, jalada lenye namba katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, makala yenye anuani ya intaneti. Mazungumzo ya barazani msomaji hawezi kuyafuata. Kwa hiyo hutajwa ndani ya matini tu, na katika orodha hayaingii. Bila ya kanuni ya namna hii, mtu yeyote angeweza kuzua mzee wake na kumlisha maneno.

Lakini tutazame kanuni hiyo inazaa nini inapotumika bila ya kufikiri. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyefanya kazi hapa wakati wa ukoloni, alichapisha mwaka 1931 kitabu juu ya historia na watu wa Zanzibar, na ndani yake mna simulizi na mila za wenyeji. Leo twaandika "Ingrams, 1931", na tumemaliza. Mwenye kuuliza ni chanzo. Mwenye kujua ni hewa. Mkoloni ameondoka, mshauri mwelekezi amekaa kiti kile kile, nasi tunamfungulia mlango.

Hata majina yetu hayasalimiki. Mtindo unataka jina la ukoo litangulie, na wengi wetu hatuna jina la ukoo. Tuna letu, la baba na la babu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, programu ya kompyuta humwandika "Saad", yaani baba yake, na yeye mwenyewe hubakia herufi moja yenye nukta. Shaaban Robert naye yuko chini ya R, jina la baba. Mtindo haukatazi kuandika jina kama mwenyewe alivyolitumia. Ni sisi tunaoiachia programu ituamulie.

Wala tusidai kwamba kurejelea ni jambo la kigeni kwetu. Katika visiwa hivi watu walisoma hadithi za Mtume kwa isnadi, fulani kapokea kwa fulani, mpaka kufika kwa aliyesikia kwa masikio yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alieleza nani alisoma kwa nani. Mnyororo ule uliwapima watu: alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu, aliwahi kukutana na aliyempokea? Neno la mdomo lilikaguliwa, halikutupwa.

Na karatasi nazo zisituhadae kwa udumu wao. Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash lililokamilika 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 mchana kweupe. Jiwe nalo hufa.

Nimemwambia mwanafunzi wangu mambo matatu. Kwanza, umwulize kila mmoja kama anataka kutajwa. Wapo wasiotaka, na katika nchi ambayo siasa imewahi kuwanyima watu usingizi, kumficha mtu ni amana. Pili, anayekubali umrekodi kwa ridhaa yake, na nakala uiweke katika hifadhi inayofikika. Hapo kauli yake huwa chanzo kinachoweza kukaguliwa, na mtindo huo huo wa APA unaruhusu jina lake liingie katika orodha. Tatu, jambo uliloambiwa wewe usilisingizie ripoti.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, ombi langu ni dogo zaidi. Mnapoandika katika hotuba ya kiongozi kwamba "utafiti unaonyesha", ongezeni ni utafiti wa nani, na nani aliulizwa. Mkulima wa mwani akijua kwamba sera imesimama juu ya maneno yake, atakuwa na haki ya kuuliza imefikia wapi.

Mwanafunzi amerudi Paje. Kinamama wawili wamekubali kutajwa, mmoja amekataa.

Nami nimefungua mtoto wa meza nilimoziweka rikodi za Mkunazini. Mjukuu wa bibi amenipa ruhusa ya kuzipeleka kwenye hifadhi, kwa jina lake kamili. Ruhusa hiyo nilipaswa kuiomba kwa bibi mwenyewe.