Anajenga Hewani, Baba Anauliza Bawaba Iko Wapi

Kuna dada mmoja wa Kitanzania yuko zake Leicester, Uingereza. Usiku analea wazee, na mchana, badala ya kulala kama watu wengine wa zamu, anajenga nyumba. Siyo ile ya Kigamboni. Ya Kigamboni imeishia kwenye linta, mwaka wa tatu huu, na ndiyo kisa cha kutoelewana na baba yake. Hizi anazojenga ziko ndani ya Second Life, ile dunia ya kwenye kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Humo mtu anajichagulia mwili, anavaa, anaenda disko, anafunga ndoa akitaka, na watu wanauziana vitu kwa dola za Linden ambazo zinabadilishika kuwa dola za Marekani. Wengi walidhani ilishakufa kitambo. Wapi, ipo na watu wanakula humo.

Baba yake ni seremala mstaafu wa Keko. Habari alizipata kwa binamu mmoja mwenye mdomo mrefu, akapiga simu saa hiyo hiyo.

"Nasikia umenunua kiwanja."

"Sijanunua baba, nimekodi."

"Kiko wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ardhi ya humo imegawanywa katika maeneo ya mita 256 kwa 256, na huyu dada anakodi kipande kwa hela ya kweli, ile ile inayotoka kwenye mshahara wa kugeuza wazee vitandani. Mzee akauliza taratibu: "Yaani kiwanja hakipo, na kodi unalipa?" Akakata simu. Miezi miwili salamu zilikuwa zinapitia kwa mama.

Sasa bidhaa yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza, bati jekundu, dari safi. Aliihangaikia wiki nyingi. Akaiweka sokoni, mteja wa kwanza akanunua, akaisimamisha kwenye kiwanja chake, akapanga makochi, kisha akagusa mlango wa mbele ili aingie.

Mlango ukafunguka. Na nyumba nzima nayo ikageuka nao.

Kuta, bati, baraza, vyote vikazunguka nyuzi tisini. Makochi yakabaki pale pale, moja likiwa limetokeza ukutani, na mteja amesimama nje mahali palipokuwa sebule. Akatoa nyota moja na kudai hela yake. Walikuwepo wengine wawili walioshanunua, nao wakadai.

Kilichotokea ni hivi. Kila kitu humo kina nukta moja, na nukta hiyo iko katikati ya kitu. Ukisoma namba zake tatu, X, Y na Z ya kimo, unasoma mahali nukta ilipo. Ukikigeuza kitu, kinazungukia hapo hapo. Ukiunganisha vitu vingi viwe kimoja, kile ulichokichagua mwisho ndicho kinakuwa kichwa, na wengine wote wanafuata kichwa. Huyu dada alichagua kuta, akachagua paa, akachagua sakafu, na mwisho kabisa, usingizi umemjaa, akabofya mlango. Mlango ukawa baba mwenye nyumba. Ulipoambiwa geuka, familia yote ikageuka.

Hilo alilirekebisha kwa kuifanya sakafu iwe kichwa. Likaja jingine. Mlango sasa unageuka peke yake, ila unazungukia tumboni kwake, kama ile milango ya hoteli kubwa. Nusu inaingia sebuleni, nusu inatoka barazani, na katikati hapapitiki. Alikaa nao siku nne. Siku ya tano akampigia mama yake kulalamika tu, na mama, ambaye amechoka kuwa daraja, akasema mambo ya milango hayajui, muulize mwenyewe. Akampa mzee simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Bawaba umefunga wapi?"

"Hakuna bawaba, baba."

"Basi huo siyo mlango. Huo ni ubao umesimamishwa."

Akaelezwa kwamba kompyuta inajua katikati tu, pembeni haijui. Mzee alinyamaza. Kisha akasema kama kinang'ang'ania kati, hiyo kati ipelekeni pembeni. Fanya ubao mara mbili ya upana, halafu nusu yake uitoe.

Na kumbe ndivyo wajenzi wa humo walivyofanya miaka yote. Unachukua boksi la upana wa mita mbili kwa mlango wa mita moja, unalikata mzunguko wake, mwanzo 0.375 na mwisho 0.875. Nusu inapotea machoni, lakini nukta haijui kama imekatwa, inabaki ilipokuwa, ambapo sasa ni ukingoni. Hapo ndipo bawaba. Somo hili linafundishwa kwa wageni kabisa, bure, ila watu wa haraka huwa wanaruka masomo ya wageni.

Tangu 2011 watu wanaleta pia maumbo waliyochonga nje, kwenye programu kama Blender. Huko unaweza kuiweka nukta popote upendapo, lakini Second Life haitaki kujua. Inachukua katikati ya boksi linalolizunguka umbo lako, basi. Kwa hiyo wajanja wanaongeza kipembetatu kidogo kisichoonekana upande wa pili wa bawaba, ili boksi linyooke na katikati yake iangukie ukingoni. Mzee alicheka sana. "Kwa hiyo mnaweka kipande cha uongo ili mlango ukae kweli?"

Toka hapo anapigiwa kila Jumapili kwa video, na ni mkali kuliko mteja yeyote. Kitasa kimewekwa upande wa bawaba, toa. Mlango wa chumbani unafungukia kitandani, badilisha. Akaona sehemu ya ukuta inametameta kama taa mbovu, akauliza ni nini. Ni mbao mbili zimewekwa usawa mmoja kabisa, kompyuta haijui ionyeshe ipi. Mzee akasema hata Keko mbao mbili hazijawahi kukaa mahali pamoja. Binti akaandika namba upya, moja ikasogea milimita chache, kumetameta kukaisha. Siku hizi havuti vitu kwa mkono, anaandika namba.

Kigamboni bado iko kwenye linta. Mzee hajaacha kuuliza, ila siku hizi anauliza mwishoni mwa maongezi badala ya mwanzoni. Na mauzo, tukisema ukweli, yakishalipa kodi ya kile kiwanja hayabakizi kikubwa.

Juzi mteja kaomba mlango wa Zanzibar, ule wa kuchonga wa mbao mbili. Mzee ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Akaeleza kwamba ile ya zamani haikuwa na bawaba kama za dukani. Kila ubao ulikuwa na kijino juu na kijino chini, vikiingia kwenye matundu ya fremu, ubao unazungukia hapo. Kwa hiyo nukta mbili, kila moja ukingo wake. Na mfaa wa katikati usielee, uushikilie ubao mmoja tu, la sivyo hakuna kitakachofunguka.

Ulipokamilika akauliza bei. Akaambiwa. Akapiga hesabu ya shilingi kimoyomoyo, akaguna.

"Mimi nikiuza mlango, umekwenda. Wewe ukiuza?"

"Bado ninao, baba. Nauza mwingine ule ule."

Kimya. Mama alisikika kwa nyuma akicheka.

"Haya," mzee akasema, "tengeneza na dirisha lake."