Kutoka Kirumba hadi Butembo kwa kinga



Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, tulibanana mbele ya simu moja hapa Butembo tukiwatazama wanawake wakipanda vile vilima. Alishinda Mkanada, Magdeleine Vallieres. Binti yangu wa mwisho akaniuliza: “Mama, ni kweli wewe ulifika Butembo kwa kinga?” Nikamjibu: mara mbili. Mara ya kwanza kwa kupenda, mara ya pili kwa kukimbia. Tangu siku hiyo wamama wa kikundi chetu wamenisumbua niandike juu ya ile mara ya kwanza. Basi nimekaa, nimeandika.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2021, barabara ikiwa kavu. Chama chetu pale Kirumba kilikuwa na baiskeli tano tulizozinunua kidogo kidogo kwa fedha za likelemba, ili maharage yatoke shambani yafike sokoni bila kutuvunja migongo. Mnajua desturi ya kwetu. Mwanaume anasukuma kinga au chukudu. Mama anabeba mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na mtoto tumboni au kifuani. Tulipoanza kupanda wenyewe, wazee walicheka, kisha wakazoea. Kutoka shamba hadi soko si neno. Lakini siku mkunga wetu aliposimama katika mkutano akasema, “Kwa nini tusiende nazo mpaka Butembo?”, hata sisi wenyewe tulinyamaza.

Sababu zilikuwepo. Tulitaka kuwatembelea wenzetu wa vikundi vya Lubero na Butembo, tuone wanavyoendesha akiba yao. Tulitaka pia kununua vikwembe kwa bei ya Butembo. Lakini niseme ukweli, maana humu tunasemezana ukweli: nilitaka kwenda tu. Nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi juu ya lori, nimeketi kwenye magunia, macho yamejaa vumbi. Sikuwa nimeiona.

Mume wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akauliza nani atawapikia watoto. Nikamwambia dada yake amekubali. Akauliza watu watasema nini. Hapo sikuwa na jibu, nikamwacha. Baadaye mwalimu mmoja wa kikundi chetu alitusimulia habari ya Annie Londonderry, mama wa watoto watatu wa mji wa Boston, Marekani, aliyeondoka mwaka 1894 kuzunguka dunia na baiskeli, akarudi mwaka uliofuata. Naye alisemwa sana. Nilipomsimulia mume wangu, alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema: “Basi wewe unakwenda Butembo tu.” Kesho yake akaipeleka kinga yangu kwa fundi, akabadilisha mipira ya breki. Hakusema neno lingine.

Tulikuwa wamama 11. Baiskeli tano za chama, sita za kuazima kwa kaka na waume. Tulifanya mazoezi wiki tatu kwenye kiwanja cha mpira, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakitushangilia kila tulipoanguka. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kikwembe: kinaingia kwenye mnyororo. Tukakubaliana kila mmoja avae suruali ndani, kikwembe kifupi juu, kimefungwa vizuri. Kinga nyingi za kuazima zilikuwa na lile chuma la juu la kiume, na bila suruali hupandi kwa heshima.

Tuliondoka siku ya pili ya juma, alfajiri, baada ya sala fupi. Kutoka Kirumba mpaka Butembo ni zaidi ya kilomita 100, na kilomita hizo hazilali chini, zinapanda na kushuka. Mpaka Kaseghe tuliimba. Baada ya Kaseghe hakuna aliyeimba. Kupanda kuelekea Alimbongo ni kazi ya kusukuma, si ya kuendesha, na mwenye kuona haya ya kusukuma asije. Wavulana wa chukudu walikuwa wakishuka na viazi na kabichi, mti mzima wa mkaratusi umekuwa gari, wamepiga goti moja juu yake, vumbi nyuma. Mmoja alipiga kelele: “Wamama, mumekimbia nani?” Mkunga akamjibu: “Vyungu!” Tulicheka mpaka tukaketi kando ya barabara.

Alimbongo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulifika jioni tumelowa jasho, ukungu ukashuka, na baridi ile ikatushika kama maji. Tulikuwa tumeagana na familia moja kwa simu, lakini tulikuwa 11 na nyumba ni ndogo. Bibi mmoja jirani, mjane, akatoka na taa, akatuhesabu kama mbuzi, akachukua watano. Nilikuwa mmoja wao. Alitupa viazi vya moto na lenga-lenga, akawasha moto chumbani tulimolala. Usiku ule ndipo mama mdogo wetu, aliyemwachia mama mkwe mtoto wa mwaka mmoja na miezi, alianza kulia. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama jiwe. Hatukuwa tumefikiria jambo hilo hata kidogo, wamama wazima 11! Mkunga akamwonyesha kukamua polepole kwa mkono, na kitambaa cha maji ya moto. Mwenye kunyonyesha anayetaka safari kama hii azoeze mtoto na yeye mwenyewe wiki kadhaa kabla, au abaki. Yule aliendelea, lakini kila jioni alikamua, na kila jioni alipiga simu nyumbani.

Siku ya pili ilikuwa Alimbongo mpaka Lubero, kwa Kitsombiro. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mashamba yamepangwa juu ya vilima mpaka huoni udongo uliokaa bure: viazi, lesheni za vitunguu majani, karoti, maharage, ngano huku na huku. Juu ya lori unaona kijani tu. Juu ya kinga unasikia harufu ya kila shamba, unaona nani ameweka mbolea na nani amechoka, unajua chemchemi iko wapi kwa sababu kiu inakufundisha. Nilianza kuandika chemchemi hizo kwenye daftari la mtoto. Wenzangu walinicheka. Niliandika pia majina ya wale waliotupa maji, na nyumba zao ziko upande gani wa barabara.

Baiskeli mbili zilitoboka siku hiyo. Kati yetu msichana mmoja tu, mshonaji, ndiye aliyejua kutoa mpira wa ndani, kuusugua, kupaka gundi na kuuziba. Alifanya kazi huku sisi wengine tumemzunguka tukitoa mashauri yasiyo na faida. Kwenye bariera moja tuliombwa fedha ya kupita. Jimbo letu lilikuwa chini ya uongozi wa kijeshi tangu mwezi wa tano wa mwaka huo, na bariera hazikukosekana. Mwalimu aliwaeleza kwa upole kwamba baiskeli hazibebi bidhaa, zinabeba mama zao. Tulipita bila kulipa. Bariera iliyofuata tulilipa.

Lubero tulipokelewa na wamama wa huko kwa bugali, sombe na nyimbo. Akiba yao wanaiweka katika sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu. Sisi tulikuwa na daftari na uaminifu peke yake, na uaminifu ulikuwa umekwisha kutugombanisha mara mbili. Tulirudi na shauri hilo, na lilitufaa kuliko vikwembe.

Siku ya tatu, kati ya Lubero na Butembo, barabara inakata Ikweta. Mmoja wetu alishuka akaanza kuutafuta mstari chini. Mwalimu alimwacha atafute kidogo, kisha akamweleza.

Sasa Butembo. Nilidhani tabu imebaki nyuma milimani, kumbe ilikuwa inatungoja mjini. Mlimani unapambana na miguu yako tu. Mjini unapambana na akili za watu wengine. Pikipiki kushoto, pikipiki kulia, malori ya bidhaa, honi, vumbi jekundu, na wachuuzi wanaovuka bila kutazama. Tulipanga mstari mmoja, mwenye breki nzuri mbele, mwenye breki nzuri nyuma, dhaifu katikati, na hakuna kumpita mwenzako. Kwenye mteremko wa kuingia mjini nilimwona mama mbele yangu anateleza, akaegemea ukingo wa barabara, akaanguka kwenye majani. Alichubuka goti na kiganja. Vijana wa pikipiki walisimama, wakamwinua, wakamnyoosha usukani, mmoja akatutangulia taratibu mpaka kwenye makao yetu huku akiwafokea wenzake watupishe. Watu wanawasema sana vijana wale. Mimi siku hiyo niliwaona.

Butembo ni mji wa biashara, mnajua. Bidhaa za Dubai na China zimepangwa kando ya njia kuu, na mtu hakuulizi umetokea wapi, anauliza unanunua nini. Tulikaa siku mbili, tukanunua vikwembe, tukatembelea vikundi viwili katika mitaa ya Kimemi na Vulamba. Siku ya kwanza hakuna aliyeweza kukaa vizuri kitini. Waliotuandalia viti walidhani ni adabu ya wageni kusimama.

Mpango wetu ulikuwa kuendelea mpaka Beni, kilomita 54 hivi, nyingi zikiwa za kushuka kuelekea kwenye joto na mashamba ya kakao. Usiku wa pili tuliketi kuzungumza. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 raia walikuwa wakiuawa upande wa Beni, na jioni ile simu zilileta habari nyingine mbaya. Tulipiga kura: saba walikataa, wanne walitaka kwenda. Mimi nilikuwa kati ya wale wanne, na nilikasirika, maana nilikuwa nimewaahidi watoto maganda ya kakao. Asubuhi nikapakia kinga yangu kwenye lori pamoja na nyingine, tukarudi Kirumba. Mume wangu alinipokea njiani, akaitazama kinga kwanza, kisha mimi.

Hiyo ndiyo safari. Ile ya pili nitaisema kwa kifupi. Mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, vita vikafika Kirumba kwetu. Tuliondoka usiku. Kinga ilibeba godoro, sufuria, na mama mkwe wangu juu ya godoro. Mume wangu alisukuma, mimi nilishikilia, watoto walishika kikwembe changu. Lile daftari lilikuwa kifuani. Nilijua maji yako wapi. Nilijua ni kilima kipi cha kupanda kabla jua halijawaka na kipi kinaweza kungoja. Tulipofika Alimbongo usiku, kati ya watu wengi wasio na pa kwenda, niligonga mlango wa yule mjane. Alitoka na taa ileile. Akatuhesabu. Tulikuwa saba.

Wamama wengine wanne wa safari ile walipita kwake pia, kwa siku tofauti. Mmoja wetu alibaki Kirumba. Sauti yake tunaisikia kwa simu, si kila mara. Baiskeli mbili za chama zilichukuliwa njiani na watu wenye bunduki, moja ikiwa imebeba mgonjwa, wakamshusha. Na Desemba ya mwaka uleule, vita vilipofika Alimbongo, yule mjane naye akashuka mpaka Butembo. Yuko nasi nyumbani. Analalamika kwamba viazi vya hapa ni maji matupu, na hana kosa.

Kinga yangu bado iko. Sasa inabeba madumu ya maji asubuhi, na siku za jumamosi, saa kumi na mbili, tunafundishana kupanda kwenye uwanja wa shule jirani, wamama wa hapa na sisi tuliotoka kusini. Tuko 14, kinga ziko tatu. Mwenye pampu anayoweza kuazima, au gundi na viraka, avilete. Mje na suruali ndani ya kikwembe. Mwenye mtoto wa kunyonya aje naye. Bibi wa Alimbongo anawashika chini ya mwembe, na anawahesabu vizuri.