Injinia wa zamu

Najua nimeadimika, testi zilitubana na bumu nalo ndo hivyo tena, tunalisikia kwa jirani tu. Leo kuna jambo linanizunguka kichwani, ngoja nilitoe.

Mimi nasoma ualimu, Hisabati na Fizikia. Kila nikikaa kafeteria lazima atokee mtu wa kuniambia, "Wewe hesabu unaziweza, unahangaika na chaki ya nini? Kajifunze programu uende kwenye makampuni makubwa." Sikatai, ajira za walimu sote tunaona zilivyo. Nikaamua nimuulize kaka, mtoto wa mama mkubwa, injinia wa kampuni moja kubwa kule Dublin. Jina la kampuni naliacha, nisije nikamtia matatani.

Nilidhani atanipa habari za msosi wa bure. Akanipa habari za zamu. Wiki yake ikifika analala na simu pembeni ya mto, ikilia saa tisa usiku ujue kuna kitu kimelala na yeye ndo wa kukiamsha. "Mwalimu," (ndo anavyoniita) "muda mwingi nasoma programu za wenzangu. Na yangu haiingii hata mstari mmoja mpaka mwenzangu aukague."

Mnaikumbuka ile Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipokata zote? Kwetu ilikuwa jioni, mama akazima simu na kuiwasha mara tatu akidhani bando limeliwa. Kumbe wenyewe walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, ikatolewa amri ya kupima uwezo wa njia zinazounganisha vituo vyao duniani, amri ikazikata njia zote. Ilikuwepo programu ya kuzuia amri za hivyo, nayo ilikuwa na hitilafu, ikaiachia ipite. Mainjinia wakakosa hata vifaa vyao vya kazi, ikabidi watu waende wenyewe vituoni, na huko ulinzi ni mkali, kuingia tu ni shughuli. Masaa kama sita hivi.

Amazon nao, tarehe 28 Februari 2017, mtu alitaka kuondoa seva chache, akakosea kuandika amri, zikaondoka nyingi. Tovuti kibao zikalala. Maelezo waliyoyatoa jina la mtu halimo. Kilichomo ni kwamba chombo chenyewe kimebadilishwa, sasa kinaondoa polepole na kinakataa kushuka chini ya kiwango.

Hapo ndo niliposhikwa. Kaka anasema mambo yakishatulia wanakaa wanaandika dakika kwa dakika, na swali siyo "nani", ni "ilikuwaje ikaruhusiwa?" Sasa nyie mlipita sekondari kama mimi. Kidato cha pili rafiki yangu alifanya swali ubaoni, akaisahau alama ya kutoa ilipoingia kwenye mabano. Mwalimu akageukia darasa, "Muoneni huyu!" Tukacheka. Hakunyoosha mkono tena, hesabu akaziacha pale pale. Na ninavyokumbuka, zilipokusanywa daftari nusu ya darasa walikuwa na kosa lile lile! Nusu ya darasa jamani. Hapo mwenye kosa ni nani?

Ila msije mkaona huko ni peponi. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu kama 12,000, na wapo waliojua pale tu akaunti ya kazi ilipogoma kufunguka. Nilipomkumbusha kaka akacheka kidogo, siyo cheko la furaha. "Ukikosea hawakutaji. Wakikupunguza pia hawakuiti, unakuta barua pepe."

Basi kuhama kozi nimeacha kukuwaza kwa sasa. Fildi ikifika nataka nijaribu daftari moja la makosa ya darasa, bila majina, kosa na idadi ya waliolifanya tu, kisha nianze kujikagua mimi nilivyofundisha. Nyie mliotangulia fildi, darasa la watu themanini hili linawezekana kweli, na kusahihisha unamaliza saa ngapi?